Sikuviacha Hata Siku Moja

Mama mkwe ndiye aliyelitoa lile neno, tena kwa furaha.

Ilikuwa Jumapili mchana. Wanawake wawili walikuwa jikoni, mkamwana na mama mkwe wake, mchuzi ukitokota kwenye jiko. Vanila alifunua sufuria aonje chumvi. Mvuke wa vitunguu ukampiga usoni, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameinamia sinki, anatapika mpaka machozi yanamtoka. Alipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama pembeni na taulo mkononi. Hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anamtazama tumboni.

"Tangu lini?"

"Ni uchovu tu, Mama. Nashinda na harufu ya siagi kazini wiki nzima."

"Mimi nimezaa sita, mwanangu. Usinidanganye na siagi."

Vanila akafuta mdomo. Tangu Ijumaa alikuwa anatembea na habari hiyo kifuani kama mtu aliyemeza kipande cha barafu. Kipimo alikuwa amekifunga kwenye karatasi na kukitupa jalalani kazini, huko kwenye bekari alikokuwa akipamba keki, akaendelea kuandika majina ya watoto wa watu kwa sukari ya rangi. Alikuwa anatafuta namna ya kumwambia mumewe. Kila namna aliyoipata ilimshinda ikifika kooni.

"Mama, tafadhali, usimwambie kwanza..."

"Usiseme kitu." Mama mkwe alishamkumbatia, anamyumbisha huku na huku kama mtoto. "Nilijua tu iko siku utachoka navyo. Umefanya vizuri kuviacha vile vidonge, mwanangu. Umefanya vizuri sana. Huyu mume wako mwoga, bila kumzunguka mngekaa hivihivi mpaka mnazeeka."

"Mama, sikuviacha."

"Haya, hukuviacha." Mama mkwe alicheka, akamkonyeza. "Hata mimi ningesema hivyohivyo."

Vanila akatikisa kichwa, akafungua mdomo ajieleze. Hapo ndipo alipomwona mumewe.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na chupa mbili za soda alizotumwa dukani. Uso wake ulikuwa umekauka. Alimtazama mama yake, kisha mkewe. Akaziweka zile soda juu ya meza taratibu sana, kama vile ni mayai, akageuka akaenda chumbani.

* * *

Kabla ya siku ile, watu waliwaonea wivu wale wawili. Mume alikuwa fundi wa lifti, anashinda kwenye maghorofa ya watu na grisi mpaka viwikoni. Mke alikuwa mpambaji wa keki. Ndiye Fundi aliyembandika mkewe jina la Vanila, kwa sababu alisema hata akioga mara tatu, nywele zake bado zinanukia bekari. Jina likamganda. Hata dada yake mkubwa akasahau kumwita la kwao.

Walikuwa na binti mmoja. Walimwita Kijiko, kwa kuwa hakuna chombo chenye krimu kilichowahi kuoshwa kabla yeye hajakilamba. Kijiko alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao baba na mama humpa mtoto bila wao wenyewe kuumwa. Kila baridi ilipoingia, mifupa ilimuuma. Alilia usiku, akalazwa, akaongezewa damu, akarudi nyumbani akicheka, akalazwa tena. Alipofikisha miaka mitano, alilazwa tena, na safari hiyo hakurudi.

Jioni ile ya mazishi, waombolezaji walipopungua, Fundi alimkuta mkewe amekaa kwenye kitanda kidogo chenye shuka la vipepeo. Akapiga magoti mbele yake.

"Daktari alisema hata mwingine anaweza kutoka hivihivi," alisema. "Mimi siziki mtoto mwingine, Vanila. Siwezi. Niapie."

Na Vanila akaapa. Moyoni alikuwa na neno jingine, lakini mwanamume aliyekuwa mbele yake alikuwa amevunjika vipandevipande, naye alimpenda. Tangu hapo, kila usiku akishapiga mswaki, alikunywa kidonge chake cha uzazi wa mpango na funda la maji. Mara nyingine Fundi alikuwa amesimama palepale anajifuta uso, wanaonana kwenye kioo.

* * *

Mama mkwe alipoondoka, Vanila alimfuata mumewe chumbani. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vikiwa bado miguuni.

"Ni kweli?" aliuliza bila kugeuka.

"Kuwa nina mimba, ni kweli. Kuwa nimeviacha vidonge, si kweli."

"Sasa imeingilia wapi? Dirishani?"

"Fundi..."

"Nakuuliza! Miaka miwili unakunywa, hakuna kitu. Ghafla mama yangu anaingia jikoni kwangu anakupongeza. Anakukonyeza. Mmepanga lini hii biashara, wewe na yeye?"

"Hatujapanga chochote. Yeye kaona natapika, kajisemea yake."

"Na wewe ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka? Uliniona nacheka?"

Fundi aliinuka, akavuta droo ya mezani, akatoa pakiti ya vidonge. Aliigeuza kwenye mwanga. Nafasi zote za siku zilizopita zilikuwa zimepasuliwa, tupu, moja baada ya nyingine kama ilivyotakiwa.

"Si hii hapa?" Vanila alisema, na moyo wake ukatulia kidogo. "Angalia mwenyewe. Sikuviacha hata siku moja."

"Hii inaonyesha vimetoka kwenye pakiti." Sauti ya Fundi ilikuwa ya chini. "Haionyeshi vimeingia mdomoni."

Vanila alimtazama kama mtu anayetafuta sura aliyoizoea katikati ya umati. Macho yalikuwa yaleyale, yale yaliyokuwa yakimtafuta chumba kizima kila alipochelewa kurudi. Leo yalikuwa yanampekua.

"Unaniona mimi ni mtu wa kutupa vidonge chooni halafu nije kulala karibu yako?"

"Nakuona wewe ni mtu anayetaka mtoto. Nimekuona ukisimama nje ya shule ya chekechea ukijifanya unafunga kiatu. Mimi si kipofu." Akarusha pakiti kitandani. "Unataka mtoto kwa hali yoyote. Hata kama ni wa kwenda kumzika."

Nje jirani alikuwa anaosha gari, redio yake inaimba.

"Rudia," Vanila alisema.

Fundi hakurudia. Alichukua funguo zake akatoka, na usiku ule alilala sebuleni.

* * *

Kesho yake asubuhi Vanila aliamka macho yamevimba. Ilibidi aende kliniki kisha kazini. Akafanya kama alivyofanya kila asubuhi: akafungua kabati, akanywa kidonge cha vitamini, cha madini ya chuma, halafu viwili kutoka kwenye chupa yenye picha ya maua ya njano. Hivyo vya maua vilikuwa vya kutuliza moyo. Ndivyo vilivyomwezesha, miezi hii ya karibuni, kuandika "Hongera kwa kutimiza miaka mitano" juu ya keki bila kukimbilia stoo kulia.

Kliniki, aliyemhudumia alikuwa nesi mmoja mwenye sauti nzito na mikono ya joto. Alimpima, akaandika, kisha akavua miwani.

"Unasema ulikuwa unakunywa vidonge vyako kila siku?"

"Kila siku." Vanila alijikaza, lakini sauti ilimponyoka. "Dada, hata wewe huniamini?"

"Nakuuliza tu, mama. Usilie. Ulitapika, uliharisha, siku za nyuma?"

"Hapana."

"Dawa za kifua kikuu? Kifafa?"

"Hapana."

"Damu ya katikati ya mwezi hukuwahi kuona?"

Vanila akafikiri. "Niliona. Kidogokidogo, miezi kama miwili. Nilidhani ni mawazo. Nilifiwa."

"Pole. Na dawa za asili? Za kuongeza damu, za kupunguza mwili, za usingizi?"

"Situmii dawa. Natumia virutubisho tu vya dukani."

"Virutubisho gani?"

Alikuwa navyo kwenye mkoba, kwa kuwa cha mchana alikuwa akikinywea kazini. Akavipanga mezani. Nesi alichukua chupa ya kwanza, akaisoma, akaiweka pembeni. Ya pili vilevile. Ya tatu, ile yenye maua ya njano, aliisoma maandishi madogo ya nyuma, akayarudia tena akiyafuata kwa kidole.

"Hivi vya vitamini na vya madini havina neno," alisema taratibu. "Lakini huu mmea, mama, hauelewani na vidonge vya uzazi. Unalifanya ini lichape kazi kupita kiasi. Unakunywa kidonge chako usiku, ini linakisafisha kabla hakijamaliza kazi yake. Ile damu ya katikati ya mwezi ndiyo ilikuwa inakwambia. Siyo kila mtu inamtokea, ila tunawaona."

"Wameandika ni mimea mitupu. Haina madhara."

"Ni mimea kweli. Sasa aliyekuuzia hakukuuliza kama unatumia uzazi wa mpango?"

"Sikununua mimi."

"Alinunua nani?"

Vanila aliitazama ile chupa. Alimwona Fundi siku aliyokuja nayo, ameificha nyuma ya mgongo kama kijana anayeleta ua, grisi bado iko kwenye kucha. Chagua mkono, alimwambia. Akachagua wa kushoto. Fundi alikuwa amechoka kumkuta bafuni amefungulia maji ili asisikike akilia. Muuzaji kaniapia, alisema, mwezi mmoja tu utaona mabadiliko. Nataka nikusikie ukicheka, Vanila. Hicho tu.

"Mume wangu," alisema.

Nesi aliweka kalamu chini.

"Vimemdhuru mtoto?" Vanila aliuliza.

"Vya uzazi wa mpango, hapana, hilo lisikuumize kichwa. Hivi vya maua hatuna uhakika navyo, kwa hiyo unaacha vyote viwili leo. Huzuni yako tutaitafutia njia nyingine, ipo. Na huo ugonjwa wa damu, mtoto tutampima akishazaliwa. Anaweza kuwa nao, anaweza asiwe nao. Walio wengi hawawi nao. Lakini kukuapia siwezi."

Ile ndiyo ilikuwa habari aliyoihitaji. Alikuwa msafi, tena kwa ushahidi. Angeweza kurudi nyumbani kichwa juu. Badala yake alikaa nje kwenye benchi, mkoba mapajani, mpaka simu ya bekari ikaita mara mbili. Alikuwa anafikiria kuitupa ile chupa kwenye pipa la taka lililokuwa mbele yake. Akimwambia, atamvunja mtu ambaye kosa lake ni kutaka mkewe acheke. Asipomwambia, ataishi naye maisha yote akiwa mwongo machoni pake. Aliinuka, akalisogelea lile pipa. Akashika chupa juu yake.

Halafu akairudisha kwenye mkoba. Hakuwa ameamua bado.

* * *

Fundi ndiye aliyemwamulia, bila kujua.

Alirudi mapema jioni ile, jua halijazama. Alikuwa amenyoa ndevu. Alivuta kiti akakaa karibu naye mezani, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto lile analolijua.

"Nimefikiria mchana kutwa," alisema. "Hata kazi nimeifanya vibaya leo. Nilisema maneno ambayo mtu hasemi. Tumepita makubwa zaidi ya haya, mimi na wewe. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Niambie ukweli. Sema, 'Fundi, nilichoka, niliviacha.' Basi. Nitakusamehe, yaishe."

"Utanisamehe?"

"Nitakusamehe kabisa. Naapa."

Vanila aliuondoa mkono wake taratibu, akafungua mkoba, akaiweka ile chupa katikati ya meza.

"Nini hii?"

"Unaijua. Uliileta mwenyewe."

Akamweleza yote, kama nesi alivyomweleza, bila kuongeza wala kupunguza. Hakupandisha sauti. Alipofika kwenye lile la ini, aliona mabadiliko usoni mwa mumewe, alivyoanza kuelewa, rangi ikimtoka kidogokidogo kuanzia kwenye midomo. Akatamani kunyamaza. Akamalizia.

Fundi alichukua chupa, akaigeuzageuza.

"Aliniuliza," alisema. "Yule muuzaji. Aliniuliza, ni ya nani? Nikasema ya mke wangu, ana huzuni. Akasema basi hii ndiyo yenyewe. Akaifunga. Nikamwambia nataka iliyo bora, bei isiwe tatizo." Akatazama juu. "Hakuniuliza kitu kingine, Vanila. Nami sikujua kama kuna cha kuuliza."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyefanya."

"Hakuna aliyefanya."

"Nimekuita mwongo. Nimekupekua pakiti. Na kumbe ni mimi, kwa mkono wangu huu..." Alilaza paji la uso mezani, mabega yakaanza kumtikisika. Vanila alimwekea mkono kisogoni, kwenye zile nywele fupi alizozikata mwenyewe juzijuzi, akawa anamsugua taratibu. Naye alikuwa analia. Kwa muda ule mfupi walikuwa kama zamani, watu wawili wenye kilio kimoja.

"Nisamehe," Fundi alisema na uso palepale mezani.

"La vidonge nimekusamehe tangu kliniki. Ulitaka nicheke. Mtu atakasirikaje kwa hilo?"

Akainua kichwa, macho mekundu, na tumaini likachungulia humo. "Basi yameisha?"

"La vidonge limeisha."

"Kuna lingine?"

"Jana nilikuwa mbele yako mimi mwenyewe, Fundi, nikakwambia sikuviacha. Hukuniamini. Leo umeniamini kwa sababu ya chupa."

"Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu."

"Najua." Alivuta pumzi. Kilichokuwa kikimtesa hakikuwa hicho hasa, na sasa kilikuwa kimefika mdomoni. "Nikuulize kitu. Huyu mtoto, unamtaka?"

Fundi alifungua mdomo. Macho yake yakaenda yenyewe kwenye mlango wa chumba cha Kijiko mwisho wa korido, ambao haukufunguliwa siku nyingi.

"Naogopa," alisema.

"Sikukuuliza kama unaogopa. Hata mimi naogopa. Nimekuuliza unamtaka."

Alingoja. Angeridhika na ndiyo ya kunong'ona. Angeridhika hata na uongo, kwa jioni ile tu. Fundi aliangalia mikono yake, akaifumba, akaifumbua, na hakusema kitu.

Vanila akainuka kwenda kufunga nguo zake.

"Usiende," Fundi alisema akiwa amesimama mlangoni pa chumba. "Vanila, nakuomba. Usiende. Nipe usiku mmoja nifikirie."

"Ukifikiria utasema ndiyo kwa kuwa unanionea huruma. Mimi sitaki hiyo." Alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena vibaya. "Huyu humu ndani anasikia, au hasikii, sijui. Lakini sitaki akae kwenye nyumba ambayo anangojewa kama msiba."

* * *

Dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu wa sekondari, alimpokea bila maswali. Maswali yalikuja siku ya tatu, walipokuwa wanaanua nguo.

"Shemeji anapiga simu mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Na wewe hupokei."

"Napokea. Ananiuliza nimekula. Namwambia nimekula."

"Ndiyo hayo tu?" Dada alitia kibanio mdomoni, akakitoa. "Mimi sikuingilii. Ila yule mwanamume anakupenda mpaka anatia aibu. Wa kwangu alikuwa hajui hata navaa kiatu namba ngapi."

"Najua ananipenda, dada. Ananipenda mimi. Huyu je?"

Dada akaitazama ile mimba isiyoonekana bado, akaendelea kukunja mashuka.

Mama mkwe naye alikuja, siku nyingine, na mkoba wake mweusi wa safari juu ya magoti. Hakutaka hata chai.

"Mimi ndiye niliyesema lile neno," alisema.

"Mama, ulifurahi tu."

"Nilifurahia uongo nilioutunga mwenyewe. Ulinikatalia, nikakukonyeza." Akajipangusa macho kwa kanga. "Mwanangu halali. Anakaa kule chumbani kwa mtoto, mlango kaufungua. Rudi nyumbani, mama."

"Nikirudi na huyu, Mama, na yeye bado hajui kama anamtaka, nitakuwa nimerudi wapi?"

Yule mama aliinuka, akachukua mkoba wake. Alipoondoka, alimshika mkamwana wake tumboni kwa viganja viwili, kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi huko nako.

* * *

Mwezi uliofuata, siku ya kliniki, Vanila alimkuta Fundi ameshakaa kwenye benchi. Alikuwa na nguo zake za kazi, amebanwa kati ya wajawazito wawili, magoti pamoja, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Alipomwona aliinuka haraka mno, kofia ikaanguka.

"Dada yako aliniambia ni leo," alisema. "Ukitaka niondoke, naondoka."

Vanila alimtazama. Alikuwa amemkumbuka mpaka kwenye mifupa, na hilo lilimkasirisha.

"Kaa," alisema.

Mjamzito mmoja aliitwa ndani, wakakaa. Kati yao waliacha nafasi ya mtu mmoja, na mama mmoja akaja akaijaza na mkoba wake.

Nesi yule wa sauti nzito alipowaita, aliwaangalia wote wawili juu ya miwani. "Mmekuja pamoja?"

"Tumekutana hapa," Vanila alijibu.

Alilala kitandani, akapakwa ute wa baridi, nesi akaanza kuzungusha kile kifaa tumboni. Kwanza ulitoka mkwaruzo tu, kama redio inayotafuta stesheni. Vanila akafumba macho. Mkwaruzo, kimya, mkwaruzo tena. Halafu moyo ukaja: mdogo, mkali, wa haraka, unadunda kana kwamba umechelewa mahali.

"Huyo hapo," nesi alisema.

Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango. Alisogea hatua moja, akashika chuma cha kitanda.

"Mbona unakimbia hivyo?" aliuliza, sauti yake ikiwa imepanda kwa woga. "Ana nini? Mbona moyo unakimbia?"

"Hana kitu, baba. Wa watoto wa tumboni ndivyo unavyodunda."

"Hana kitu?"

"Kwa leo, yuko salama."

Fundi akaziba mdomo kwa kofia yake. Machozi yalimtoka kimyakimya, mengi, hakuyafuta. Vanila aliyaona kwa jicho la pembeni. Mkono wake, wenyewe, ulisogea kwenye kile chuma, ukafika karibu na wa mumewe, ukaishia hapo.

Nje jua lilikuwa kali. Walisimama getini, watu wakiwapita.

"Namtaka," Fundi alisema.

Lile neno lilimwingia mahali pale palipokuwa pakilingoja. Lilimwingia likamuuma.

"Ungelisema siku ile."

"Siku ile nilikuwa naogopa."

"Na leo?"

"Leo naogopa zaidi. Nimemsikia." Alikuwa anaikunja kofia kama kitambaa. "Nitamwona akiumwa, Vanila. Labda. Nitakesha tena kwenye yale mabenchi. Lakini namtaka. Naomba urudi."

Vanila alitaka kumwambia ndiyo. Alilisikia lile ndiyo likipanda. Kisha, juu yake, akasikia na lile neno la Jumapili, kwa sauti ileile, la mtoto wa kwenda kumzika, na miguu yake ikabaki palepale.

"Siwezi bado," alisema. "Nikikutazama nakusikia. Nikilala nakusikia. Sifanyi makusudi, Fundi. Natamani nisahau hata leo hii."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia."

"Nitakuwa nakuja hapa kila kliniki. Utaniruhusu?"

"Njoo."

"Na akizaliwa, siku ya majibu yake ya damu, yakiwa mazuri, yakiwa mabaya, nitakuwepo. Naa..."

"Usiape," Vanila alimkatiza. "Tulishaapa sana sisi. We njoo tu."

Fundi akaitikia kwa kichwa. "Nikusindikize?"

"Hapana. Watakuwa wanakungoja kazini."

Akaanza kutembea upande wa kwa dada yake. Alijiambia asigeuke. Alipofika kwenye kona aligeuka. Fundi alikuwa bado amesimama getini, kofia mkononi, anamtazama. Walitazamana hivyo, watu na magari yakipita katikati yao, kila mmoja akingoja mwenzake aite. Hakuna aliyeita. Vanila akaweka kiganja tumboni, pale palipokuwa bado pana ubaridi wa ute wa nesi, akaenda zake akilia waziwazi barabarani, na hakujali nani anamwona.